Msiniambie Kufinyanga ni Utoto



Najua nimepotea. Mara ya mwisho nililalamika hapa kuhusu bumu kuchelewa, halafu kimyaaa. Nilikuwa TP, jamani. Wiki nane za kuamka saa kumi na moja alfajiri, kunyoosha sketi kwa pasi ya mkaa na kuitwa "madam" na vijana wanaonizidi urefu. Shule yenyewe iko kwenye ukanda wa dhahabu, mkoa wa Geita, na jina lake silitaji. Nimerudi chuoni, matokeo ya TP yametoka juzi, na leo nina hasira. Kwa hiyo wekeni chai pembeni, mkae vizuri.

Kwenye fomu ya tathmini kuna kipengele cha zana za kufundishia na kujifunzia. Hapo msimamizi wangu ameniandikia maneno matano: "Michezo ya watoto. Haifai sekondari." Na alama iliyofuata inafanana na maneno hayo. Yeye pia simtaji. Alifuata anachokiamini, na tatizo ni kwamba kinaaminiwa na wengi, tukiwemo sisi tunaosoma ualimu. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: visanamu vya kufinyanga, vikapakwa rangi na kupigwa picha, ni zana halali ya kufundishia historia ya vita vyetu, na mwalimu anayevikataa kwa sababu ni "utoto" anakataa kitu ambacho dunia ilishakikubali zamani. Nitaanza mwanzo, ili msije mkasema natetea alama zangu. (Natetea na alama pia, tusidanganyane, hehehe.)

Ilianza usiku mmoja kabla sijaenda TP. Nilikuwa natafuta picha ya rugaruga kwa ajili ya andalio la somo. Mnawajua, wale wapiganaji wa Mtemi Mirambo wa Urambo, waliowasumbua Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 hadi wakakubali kumheshimu. Nikidhani nitapata picha moja ya kizamani yenye ukungu, nikapata rugaruga wa rangi! Kitambaa chekundu begani, manyoya kichwani, gobori mkononi, mguu mmoja mbele. Chini yake nyasi kavu na udongo mwekundu kabisa kama wa kwetu. Nikavuta picha karibu... kumbe mtu mwenyewe ana milimita 28. Pingili moja ya kidole gumba!

Nikaacha andalio, nikasoma hadi saa nane usiku. Kumbe kuna watu wazima Ulaya na Marekani, wenye kazi zao na wajukuu zao, ambao starehe yao ni kununua visanamu vya madini vya askari wa vita vya kale, kuvipaka rangi mmoja mmoja, kuvipiga picha, kisha kuvipanga mezani na kucheza vita kwa sheria, kete na futi. Wapo wanaopenda Warumi, wapo wanaopenda Napoleon. Na wapo, wadau, wanaotupenda sisi! Kampuni ya Uingereza inayoitwa Wargames Foundry ina kundi zima la visanamu vya Afrika ya karne ya 19, vilivyochongwa na Mark Copplestone, na rugaruga wamo. Mwaka 2005 shirika la vitabu la Osprey lilitoa kitabu cha Chris Peers kuhusu wapiganaji wa Afrika Mashariki kati ya 1840 na 1900, na wacheza visanamu hukifungua kuangalia nani alivaa nini na alishika silaha gani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisemi wametuibia. Mtu anayekaa wiki mbili akitafuta ngao ya Mhehe ilikuwa na umbo gani amenishinda mimi niliyezaliwa Shinyanga na nisiyejua ngao ya Msukuma ilikuwaje. Ugomvi wangu nao ni jina tu. Lile kundi la visanamu wameliita "Darkest Africa", yaani Afrika yenye giza kuliko zote, jina la enzi za kitabu cha Stanley cha mwaka 1890. Giza la nani? Mirambo alikuwa anaona vizuri tu. Stanley alipigana upande wa Waarabu dhidi yake mwaka 1871, na mwaka 1876 huyo huyo Stanley akachanjana naye undugu wa damu. Hapo nani alikuwa gizani?

Lakini ugomvi mkubwa ni wa nyumbani. Huko mezani kwa Mwingereza, rugaruga ana uso, ana kitambaa, ana mahali pa kusimama. Huku kwetu, Mirambo ni nini? Ni nukta nne kwenye karatasi ya manila. "Sababu za kufanikiwa kwa Mirambo: (a) jeshi imara, (b) biashara, (c) uongozi bora, (d) eneo zuri." Manila hiyo imenakiliwa kutoka kwenye desa, lililonakiliwa kutoka kwenye desa jingine. Mwanafunzi anakariri, anajibu, anapata, anasahau. Na fomu ya tathmini inampa aliyeandika manila ile alama nzuri ya zana. Manila ni zana? Manila ni ubao unaokunjika!

Basi nikasema nami nitafanya. Hela ya kuagiza visanamu Uingereza sina, na hata ningekuwa nayo ningelipa ada. Lakini nani alisema tunahitaji madini? Aliyekulia Usukumani asiyewahi kufinyanga ng'ombe wa udongo anyooshe mkono. Sisi tulikuwa na mazizi mazima nyuma ya nyumba, madume yenye pembe ndefu, ndama, mbwa, na mchungaji mwenye fimbo ya njiti ya fagio. Tulifinyanga hadi siku mtu mzima mmoja alipotuambia tumeshakuwa wakubwa, tuache uchafu. Ufundi wetu uliishia siku ile.

Wanaotaka kujaribu, hizi hapa siri nilizozipata kwa kuharibu.

Udongo mweusi wa mbugani msiuguse. Unafinyangika vizuri kama siagi, lakini ukikauka unapasuka kama mbuga yenyewe ya Shinyanga mwezi wa tisa. Wangu wa kwanza wanane walipasuka vichwa wote. Chukueni udongo wa kichuguu, upondeni, uchekecheni, changanyeni na mchanga laini kidogo. Ukaushwe kivulini siku tatu au nne, si juani. Msifinyange milimita 28 kama Wazungu, udongo hauvumilii na darasa la watoto tisini halitaona kitu. Sentimita kumi inatosha. Bunduki tumieni njiti ya kiberiti, mkuki njiti ya fagio, na vichomekwe udongo ukiwa bado mbichi.

Rangi? Ukanda wa dhahabu wote ni duka la rangi. Udongo mwekundu wa barabarani, chokaa, masizi ya sufuria, na gundi nyeupe ya mafundi seremala iliyozimuliwa kwa maji ili ishike. Changanyeni udongo mwekundu, chokaa nyingi na masizi kidogo, mtapata kaki ya askari wa Mjerumani. Kitambaa chekundu cha rugaruga nilikipaka rangi yangu ya kucha, na ndiyo, iliisha. Halafu kuna ujanja mmoja nilioiga kwa wale wazee wa Ulaya. Ukimaliza rangi, chukua masizi na maji mengi sana, pitisha juu ya kisanamu kizima, kisha futa juu juu kwa kitambaa. Maji meusi yanabaki kwenye mikunjo. Ghafla uso unapata macho, nguo inapata mikunjo. Mara ya kwanza nilipiga kelele peke yangu chumbani, mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimeona nyoka.

Picha nayo ina yake. Ukisimama ukapiga kutoka juu, unapata mdoli. Kinachotakiwa ni kamera ishuke hadi usawa wa macho ya kisanamu. Simu za kawaida kamera iko juu, kwa hiyo igeuzeni simu kichwa chini, kamera iguse meza. Nyuma wekeni karatasi nyeupe iliyopinda bila kukunjwa, ndani ya boksi la sabuni lililokatwa upande wa mwanga wa dirisha. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera imtambue yeye, si ukuta. Hapo mtu wa sentimita kumi anasimama mbele yako kama mtu.

Hayo yalikuwa maandalizi. Sasa darasani.

Kidato cha kwanza siku hizi wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoanza mwaka 2024, na linafundishwa kwa Kiswahili. Hilo peke yake ni neema, kwa sababu mtoto anaweza kuuliza swali bila kuogopa sarufi ya Kiingereza. Tulipofika kwenye vita vya kwanza vya dunia nikaamua kutoanzia Ulaya. Nikaanzia pale tulipokaa.

Maana vita vile vilipita hapo hapo! Julai 1916 Waingereza chini ya Crewe waliiteka Mwanza, kisha wakateremka kuelekea Tabora kwa njia ya Shinyanga. Wabelgiji wa Jenerali Tombeur, na askari wao wa Kongo, walikuja kutoka magharibi, na kikosi chao kimoja kilipita Biharamulo na Ushirombo. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Ushirombo, wadau! Bukombe, ambayo ilikuwa mkoa wa Shinyanga hadi mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Na Runzewe, pale mnaposhuka kwenye basi kunyoosha miguu, ndiko walikokaa Wangoni wa kundi la Watuta katika karne ya 19, majirani wa Mirambo ambao yeye alijifunza kwao namna ya kupigana. Wanafunzi wangu walizaliwa juu ya ramani ya vita na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Nikachora ramani kwa chaki sakafuni. Mwanza, Shinyanga, Nzega, Tabora, Biharamulo, Ushirombo. Nikawagawa makundi, kila kundi likafinyanga watu wake kwa wiki moja, jioni baada ya vipindi, kwa hiari. Walifinyanga nini? Askari. Wote askari. Bunduki, bunduki, bunduki. Nami nilikuwa hivyo hivyo, wangu wote walikuwa askari na rugaruga.

Nikawauliza: risasi za hawa wote kabeba nani? Chakula? Hema la ofisa? Kimya.

Basi wakafinyanga wapagazi. Na hapa kuna kijana mmoja nitakayemkumbuka hadi nizeeke. Ni wa nyuma kabisa, siku mbili yupo, siku tatu hayupo, na kila mwalimu ofisini aliniambia yule usihangaike naye, yuko machimboni. Kweli alikuwa machimboni, anabeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara kupeleka kwenye karasha. Alikuwa amesimama mlangoni anaangalia wenzake wanaoweka mzigo juu ya kichwa cha kisanamu. Akasema:

"Madam, huyu hafiki."

"Kwa nini hafiki?"

"Hana ngata. Na shingo imeinama. Ukiinamisha shingo na mzigo, mgongo unakufa. Halafu mguu wa mbele usikunje hivyo, huo ni wa mtu anayekimbia. Mwenye mzigo hakimbii."

Akakaa chini akafinyanga wa kwake. Shingo imenyooka, ngata ya uzi wa katani, mkono mmoja umeshika mzigo na mwingine umening'inia, vidole vya miguu vimetanuka. Darasa zima lilinyamaza. Nilipompiga picha yule mpagazi kwa simu kichwa chini na kuwaonyesha, msichana mmoja akasema, "Madam, huyu amechoka." Kipande cha udongo wa kichuguu kimechoka! Mnijibu, manila gani iliwahi kuchoka?

Tukaendelea kwa hesabu. Nikaleta maharage, punje moja ni kilo moja. Mpagazi anabeba kilo 25. Anakula kama kilo moja kwa siku. Mwanza hadi Tabora ni kama kilomita 350, akitembea kilomita 20 kwa siku ni siku 18. Tukamsogeza mpagazi sakafuni, kila siku tunaondoa punje. Alipofika Tabora zilibaki saba. Mzigo wa kilo 25, kilo 18 kala aliyeubeba!

"Sasa anarudije?" aliuliza yule msichana. Hakuna punje za kurudia. Na yule askari wa mbele kala nini?

Walijadiliana hadi kengele ikapigwa na hawakutoka. Jibu walilipata wenyewe: watachukua kwenye vijiji. Ghala la nani? La bibi zetu. Hapo ndipo nikawaeleza njaa iliyoitwa Mtunya kule Ugogo wakati wa vita ile na baada yake, na kwamba kwa upande wa Waingereza peke yao wapagazi wapatao 95,000 wanakadiriwa kufa, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Sikulazimika kuandika "(a) upungufu wa chakula" ubaoni. Walishaushika mkononi.

Wiki iliyofuata ndipo msimamizi akaja. Alikuta watoto wamechuchumaa sakafuni, mikono ina udongo, mimi nimelala kifudifudi napiga picha. Nakiri, sikuwa na mwonekano wa mwalimu hehehe. Alikaa dakika kumi na tano, akaandika, akaondoka. Ushauri wake baadaye ulikuwa wa upole kabisa: "Binti yangu, wewe una akili, andaa chati."

Sasa nijibu hoja, maana nimezisikia zote, kwake na kwenu hapa hosteli.

Hoja ya kwanza: huo ni mchezo wa watoto. Jeshi la Prussia lilianza kutumia mchezo wa vita wa mezani mwaka 1824 kufundishia maofisa wake. Maofisa wa Kijerumani walijifunza kupanga vikosi mezani kabla ya kuvipanga porini. Nchi hiyo ndiyo iliyotuletea Tom Prince, aliyeishambulia ngome ya Mtemi Isike pale Tabora, hadi Isike akaamua kujilipua na baruti Januari 1893 kuliko kukamatwa. Sasa ofisa ajifunze vita kwa mchezo, halafu mjukuu wa aliyepigwa akijaribu kuielewa vita hiyo kwa mchezo aambiwe anacheza? H. G. Wells, mwandishi mkubwa wa Uingereza, alitoa kitabu cha sheria za kucheza na askari wadogo mwaka 1913. Hakuna aliyemwambia aandae chati.

Hoja ya pili: unawafundisha watoto kupenda vita. Hii naiheshimu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nimeziangalia picha za wale wazee wa Ulaya, ni nzuri mno, na uzuri wake wakati mwingine unanitisha. Pamba inabandikwa kwenye mdomo wa bunduki iwe moshi, jua linaangaza, hakuna anayeharisha damu. Wapagazi wapo pia, lakini katika picha nilizoziona mimi wanasimama nyuma, hawana kazi. Lakini dawa ya picha yenye uongo ni picha nyingine. Darasa langu lilianza na bunduki tupu, likaishia kwa mpagazi. Mwishoni yule msichana alifinyanga mwanamke mwenye mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akamweka nyuma ya msafara wa Mjerumani. Na ni kweli, wake na watoto wa askari walifuatana na misafara ile. Nani alipenda vita hapo?

Nendeni Dar es Salaam mkaangalie Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Askari mmoja, bunduki mkononi. Mpagazi hana umbo pale juu. Nairobi waliweka yao mwaka 1928, na mpagazi amesimama pamoja na wapiganaji. Sisi wapagazi wetu wamebaki kwenye jina la soko, maana Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Tunanunua vitenge juu ya jina lao na hatujui. Kama taifa lilimsahau mpagazi kwenye shaba, kuna ubaya gani kidato cha kwanza wakimkumbuka kwenye udongo?

Hoja ya tatu: madarasa yana watoto tisini, muda hautoshi. Ndiyo maana nikatumia udongo. Vitabu havitoshi, watoto watano kitabu kimoja. Je, udongo wa kichuguu hautoshi? Nilitumia vipindi viwili na jioni tano. Manila yenye nukta nne ningemaliza kwa kipindi kimoja, kweli, na wiki inayofuata ningekuwa narudia kwa sababu hakuna anayekumbuka.

Hoja ya nne ndiyo iliyoniuma, na ilitoka kwa mwenzangu wa darasa: "Shoga, wale ni watoto wa machimboni, wataishia kubeba mawe tu, unawapotezea muda." Sikumjibu siku ile. Namjibu leo. Yule kijana wa ngata alikuja shule siku tano mfululizo ile wiki ya kufinyanga. Sidanganyi kwamba nimemwokoa, wiki iliyofuata alikosa siku mbili, na sijui yuko wapi leo ninapoandika. Lakini kwa siku hizo alikuwa ndiye mtaalamu, na sisi wote, pamoja na madam, tulikuwa wanafunzi wake. Anachokijua kuhusu mzigo, shingo na mguu hakimo kwenye desa lolote. Historia ya nchi hii imebebwa na watu kama yeye, Wanyamwezi na Wasukuma waliopeleka pembe pwani na risasi vitani, na sisi tunaifundisha kama vile ilitembea yenyewe.

Kwa hiyo mwaka wa pili mnaokwenda TP, nawaomba. Vijana wa Kahama, Maswa, Chato, Bukombe, mtakaopangiwa nyumbani na mtakaopangiwa mbali. Ulizeni wazee vita gani ilipita hapo. Chukueni udongo wa hapo hapo. Wafinyangisheni watoto na askari, na aliyembebea askari, na aliyeporwa mahindi. Pigeni picha simu ikiwa kichwa chini. Mkipata alama mbaya ya zana mtakuwa wawili, mimi na wewe.

Na walimu wetu wa chuo, kwa heshima zote, shikamoo kwenu. Mnatufundisha kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na mtaala mpya unasema hivyo hivyo. Basi akitenda, msituandikie kwamba anacheza. Hicho kipengele cha fomu kibadilisheni. Kiulizwe swali moja tu: baada ya zana hii, watoto waliuliza nini? Mimi wangu waliuliza mpagazi anarudije.

Visanamu vingi niliviacha shuleni, kwenye rafu ya maktaba. Wa ngata aliniambia niondoke naye. Yuko hapa mezani pembeni ya kopo la kalamu. Mkono mmoja ulikatika kwenye basi, kabla hata hatujafika Kahama, na nimeubandika kwa gundi. Shingo bado imenyooka.

Naomba kuwasilisha.